Samaki wangu kangaja ana nukta nyeupe, lakini aliyekufa ni kifuu: nianzie wapi?

Swali: Mtaalamu, habari. Naishi Nairobi na nina tangi la maji ya chumvi la lita 250, lina karibu mwaka mmoja sasa. Maji nachanganya mwenyewe kwa chumvi ya paketi. Ndani mna samaki klauni wawili, samaki kifuu mmoja, kamba wawili wale wa kusafisha samaki, konokono na matumbawe laini. Wiki iliyopita niliagiza kangaja wa buluu kutoka Pwani, akaletwa na basi la usiku. Siku ya nne alianza kujisugua kwenye mawe. Sasa ana nukta nyeupe mapezini, chakula anadonoa tu, na anahema haraka. Klauni wamejibanza mbele ya pampu. Leo asubuhi nimemkuta kifuu amekufa, na hakuwa na doa hata moja. Nimepima amonia, ni 0. Aliyeniuzia ananiambia nipandishe joto hadi digrii 32 na nimimine dawa ya buluu. Je, huu ni ugonjwa wa nukta nyeupe? Nifuate ushauri wake?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa kifuu. Majibu mafupi kwanza, kwa sababu samaki wako hawana muda: joto usipandishe, na dawa ya buluu usiitie kwenye tangi. Usiku huu waongezee hewa. Inua mdomo wa pampu ya mkondo mpaka uso wa maji utibuke, tumbukiza jiwe la hewa kama unalo, ondoa kifuniko, zima taa mapema na usiwalishe. Halafu rudi usome yaliyobaki, maana kesho asubuhi kuna la kuamua.

Wewe umeniuliza habari za nukta za kangaja. Mimi kilichonishtua ni kifuu. Kangaja wa buluu hutoka nukta kwa sababu ndogo sana: akisafirishwa, akibadilishiwa maji, akifukuzwa na mwenzake. Magamba yake ni madogo, ute wake ni mwembamba, na vimelea humpata kabla ya wengine. Nukta zake peke yake hazinielezi mengi. Kifuu ni kinyume chake, ni samaki sugu, huvumilia mambo ambayo wengine hawayawezi. Akifa yeye ghafla na ngozi yake ni safi, kilichomuua kilikuwa mahali usipopaona, yaani kwenye matamvua, viungo vyake vya kupumulia. Na klauni wako wanasema jambo hilohilo. Samaki aliyeishiwa pumzi hukaa mahali maji yanapopita kwa nguvu, ili yaingie mdomoni na kutokea mashavuni bila yeye kuhangaika. Wamiliki wengi huona hivyo wakadhani samaki anacheza na mkondo.

Kabla ya kuita kimelea kwa jina, tuyamalize maji. Amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, ikiwa 0 ni habari njema ikiwa kipimo ni cha matone na rangi umeisoma kwenye mwanga mweupe. Ukiisoma chini ya taa ya buluu ya tangi, rangi ya kijani kibichi na ya manjano zinafanana. Rudia leo. Kwenye maji ya bahari yenye pH (kipimo cha uasidi) ya 8.2 na joto la nyuzi 26, kati ya asilimia 6 na 9 ya amonia yote huwa katika umbo lile linalochoma matamvua, ndiyo maana kiasi kidogo kisichomdhuru samaki wa mtoni humuumiza huyu. Naitraiti usihangaike nayo sana, chumvi ya maji humkinga samaki wa baharini kwa kiasi kikubwa.

Sumu nayo? Hapa waangalie kamba wako. Hukuniambia kwamba wanaumwa, nami nachukulia kuwa wanatembea na kula kama kawaida. Dawa ya mbu ya kupuliza ikivutwa na pampu ya hewa na kuingia majini, kamba hutangulia kufa, samaki hufuata. Shaba hali kadhalika. Kamba wazima na samaki wanaotweta ndani ya maji yaleyale ni ushahidi mkubwa kwamba adui anachagua samaki, na anayechagua samaki kwa kawaida ni kimelea.

Liko jambo moja la maji ambalo watu wa Pwani hawalifikirii wanapokushauri wewe wa Nairobi. Mji wenu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 18. Maji ya bahari ya nyuzi 26 yakiwa Kilifi hubeba miligramu 6.6 hivi za oksijeni kwa lita. Sebuleni kwako, hata yakitibuliwa usiku kucha, hayafiki 5.5. Sasa yapandishe hadi 32 kama ulivyoshauriwa: yanashuka hadi chini kidogo ya 5. Samaki ambaye matamvua yake yamevimba unamwondolea pumzi kwa mkono wako mwenyewe, na mwili wake kwenye joto unadai oksijeni zaidi. Ushauri wa kupandisha joto ulitoka kwa wafugaji wa samaki wa maji yasiyo na chumvi, ambao ugonjwa wao wa nukta husababishwa na kimelea kingine kabisa. Kimelea chako wewe kwenye joto huzaa haraka zaidi, basi.

Tuhesabu pumzi. Keti mbali kidogo na kioo, usimtishe, hesabu mara ngapi shavu la samaki linafunguka kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa 2. Akiwa ametulia na bado anavuka 100 kwa dakika, mimi nahesabu kuwa ana shida. Bora kuliko namba yangu ni namba yake mwenyewe: pekua simu, lazima una video ya klauni wako ya miezi iliyopita. Hesabu pumzi zao ndani ya video hiyo na uziandike, kisha za leo. Zikiwa zimezidi kwa nusu au mara mbili, huhitaji mtu akuambie kwamba matamvua yameguswa.

Sasa ngozi. Zima taa zote, za tangi na za chumba. Chukua tochi ya simu, imulike kutoka juu au ubavuni, mwanga upite sambamba na mwili wa samaki, usimmulike usoni. Unatafuta vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni chembe kama za chumvi ya mezani, zimetuna, zimetawanyika, unaweza kuzihesabu: 12 kwenye pezi, 5 kwenye mkia. Hiyo ni kazi ya Cryptocaryon irritans, ugonjwa wa nukta nyeupe wa baharini. Cha pili ni vumbi laini la rangi ya dhahabu au hudhurungi ambalo huwezi kulihesabu, huonekana kwa pembe moja na kupotea ukisogeza tochi. Huyo ni Amyloodinium ocellatum, tumwite vumbi. Vumbi huanzia kwenye matamvua, na mara nyingi samaki hufa kabla ngozi haijaonyesha chochote. Hupenda kukimbia mwanga, huacha kula, hutweta, na kati ya dalili ya kwanza na kifo huweza kupita siku mbili tatu tu.

Nukta nyeupe huenda polepole na hudanganya. Kimelea hukaa chini ya ngozi siku 3 hadi 7, akishiba hujidondosha, mara nyingi gizani au alfajiri, hujifunika ganda juu ya mawe au mchanga, na humo hugawanyika. Siku kadhaa baadaye, wakati mwingine wiki kadhaa, hutoka vidogo mamia vikitafuta samaki. Katikati hapo kangaja anaonekana msafi, mwenye tangi anashukuru dawa yoyote aliyotia juzi, hata kitunguu saumu, na anasimulia wenzake. Wimbi la pili linapokuja halina huruma. Nikisikia mtu anasema nukta ziliondoka zenyewe, namuuliza tu ni siku ngapi zimepita.

Kwako wewe, nadhani kangaja ana nukta nyeupe kweli, na nadhani pia lipo vumbi. Huja pamoja mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, hasa samaki akipita kwenye bwawa la muuzaji ambamo wamekaa samaki wa kila mahali. Ila habari ya kukutuliza ni hii: hulazimiki kutofautisha hao wawili kabla ya kuanza tiba. Wote wawili huuawa na shaba. Uchunguzi unaokupasa kufanya kesho ni ule utakaobadilisha dawa, na magonjwa yanayobadilisha dawa ni mawili.

La kwanza ni la klauni: Brooklynella hostilis. Huyu haleti nukta. Huleta ute mwingi, mzito, mweupe, unaoning'inia mwilini vipande vipande kama ngozi inayobambuka, rangi ya machungwa inafifia, na klauni huweza kufa kwa siku moja au mbili. Shaba haimfanyi kitu. Dawa yake ni bafu la fomalini, na fomalini ni sumu inayosababisha saratani, haichezewi jikoni wala kwenye chumba kisicho na madirisha. Wakague klauni wako kwa tochi ileile. Ukiona ute wa namna hiyo, usiendelee na mpango ninaokupa hapa chini kwa upande wao, mtafute daktari wa mifugo.

La pili ni minyoo bapa ya ngozi na matamvua. Hawa wana rangi ya samaki mwenyewe, hawaonekani. Dalili zao ni kujisugua, jicho kuwa na ukungu, kupiga miayo, na kutikisa kichwa. Kipimo chao ni rahisi na kangaja wako anakifaa, maana ndiye aliyeanza kwa kujisugua. Chukua ndoo safi ya rangi nyeusi au buluu iliyokolea, tia maji ya bomba yaliyoondolewa klorini. Yapashe yalingane na tangi kwa nyuzi, tumia kipimajoto, mkono unadanganya. Ongeza magadi ya kuokea kidogokidogo mpaka pH ilingane pia, na tia jiwe la hewa nusu saa kabla. Mwingize samaki, dakika 5, usiondoke. Akilala ubavu na kuacha kuhema, mrudishe mara moja. Akipapatika kidogo mwanzoni ni kawaida. Baada ya dakika mbili tatu minyoo hugeuka weupe kama maziwa na kuanguka, na juu ya ndoo nyeusi utawaona wazi, wengine wana urefu wa milimita 2 na zaidi. Ukiwaona, dawa ni prazikwanteli, miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita, na hurudiwa baada ya wiki moja hivi kwa sababu mayai hayafi. Usipoona kitu, umepoteza dakika 5 na samaki amepata ahueni kidogo, kwani hata sehemu ya vumbi hung'oka.

Kifuu umeshamtupa, nafikiri. Akifa mwingine, usimtupe na usimgandishe. Mfunge kwenye mfuko wenye tone la maji ya tangi, mweke kwenye friji ya kawaida, na ndani ya saa chache mpeleke penye hadubini. Maabara ya biolojia ya shule ya sekondari inatosha. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na hapo wapo watu waliozoea kushika kisu. Kinachofanyika ni hiki: unainua kifuniko cha shavu, unakata ncha za nyuzi chache za tamvua, unaziweka kwenye kioo na tone la maji ya tangi (ya chumvi, siyo ya bomba), unafunika na kutazama kwa ukuzaji wa mara 40, kisha 100. Vumbi huonekana kama vifuko vya mviringo au vya umbo la pea, vya hudhurungi, vimejishikiza kwenye nyuzi, havitembei. Kimelea cha nukta nyeupe ni kikubwa zaidi, cheusi katikati, kinajizungusha polepole mahali pamoja kwa vinyweleo vyake. Yule wa klauni ni mdogo, bapa, umbo la harage, anateleza huku na huku. Dakika 10 za kazi hii zinamaliza ubishi wa wiki nzima. Samaki aliyekaa majini usiku kucha akiwa amekufa hafai, vimelea huwa wamemhama na bakteria wameshaingia.

Tiba sasa. Unahitaji beseni au pipa la plastiki la lita 60 au 80, jipya au ambalo halijawahi kuoshewa sabuni, hita, jiwe la hewa, na mabomba mafupi ya plastiki ya kujifichia. Mawe usiweke, wala mchanga, maana huinyonya shaba na kipimo kinakosa maana. Sifongo ya chujio itoe kwenye tangi lako kubwa. Ina vimelea, ndiyo, lakini wagonjwa wanaohamia nao ndio walewale, na bakteria wake watakusaidia kwa amonia. Wahamishe samaki wote watatu, hata klauni wanaoonekana wazima.

Shaba ya kawaida huua ikiwa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Chini ya hapo unawafanyia vimelea mazoezi, juu ya hapo unamuua kangaja. Ipandishe taratibu ndani ya siku 2, pima asubuhi na jioni, na idumishe siku 30 bila kukatika. Ukipata dawa ya shaba iliyofungwa, ile ya chupa za madukani, kiwango chake ni kikubwa zaidi kwa mara kadhaa. Fuata karatasi yake na kipimo kinachoendana nayo. Watakuambia mrututu (salfeti ya shaba) wa duka la pembejeo ni kitu kilekile kwa bei ya bure. Fanya hesabu: beseni la lita 50 linahitaji miligramu 40 hivi za mrututu. Mizani ya jikoni haizioni, na unga wa shambani una mengine ndani yake. Achana nao. Pia usitie dawa za kuondoa amonia pamoja na shaba, baadhi yake huigeuza ikawa sumu kali. Amonia ikipanda, badilisha maji, na maji mapya yatie shaba kwanza hadi kiwango kilekile.

Kuna njia ya kupunguza chumvi ya maji, na inasifiwa sana kwa sababu haina kemikali. Kwa nukta nyeupe inafanya kazi ukishuka mpaka 1.009 kwenye kipima uzito wa maji ya chumvi na kubaki hapo wiki kadhaa. Vumbi huvumilia maji ya chumvi kidogo mno kama yale ya midomo ya mito, na hukuulia samaki huku wewe unasubiri. Kwa kuwa tunashuku vumbi, njia hiyo siyo yako safari hii.

Dawa ya buluu ina kazi yake kwenye bafu fupi. Ukiimimina kwenye tangi kubwa itaua bakteria wa chujio na kuyatesa matumbawe, na vimelea walioko ndani ya matamvua ya samaki na kwenye maganda yao juu ya mawe haiwafikii. Shaba nayo ikiingia humo, kamba na konokono wako wamekwisha, na mawe yataitapika polepole kwa miezi.

Tangi kubwa libaki na kamba, konokono na matumbawe tu, bila samaki hata mmoja. Vumbi hufa kwa njaa ndani ya wiki 6 hivi. Maganda ya nukta nyeupe ni sugu zaidi, na wafugaji waangalifu husubiri siku 76. Ni muda mrefu, najua, na wengi huvunja karantini hiyo mwezi wa pili kwa sababu tangi linaonekana safi. Usichanganye wavu, ndoo wala mikono mibichi kati ya beseni na tangi, na viweke mbali, mita 3 au vyumba tofauti, kwa kuwa matone yanayorushwa na jiwe la hewa yanaweza kubeba vumbi. Hita ya tangi iache kwenye nyuzi 26. Baridi ya Julai ikiachwa ishushe maji, vimelea hukawia kuzaliwa na muda wa kusubiri unarefuka.

Na kuhusu basi la usiku. Samaki akifungwa saa 10 kwenye mfuko, hewa chafu aliyotoa hushusha pH ya maji, na amonia yote aliyoitoa inabaki katika umbo lisilodhuru sana. Ukifungua mfuko, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia inakuwa kali dakika hiyohiyo. Yule anayekaa saa 2 akidondosha maji ya tangi tone kwa tone ndani ya mfuko uliofunguliwa anamchoma samaki matamvua kwa uangalifu mkubwa. Elea mfuko ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, pima chumvi, kisha mtoe samaki haraka umtie kwenye maji ya karantini yenye chumvi inayolingana na ya mfuko, na maji ya mfuko uyamwage. Hilo halikuleta vimelea, walikuja naye, lakini matamvua yaliyochomwa hayapigani.

Kangaja akipona, usimrudishe kwenye tangi hilo. Lita 250 hazimtoshi samaki anayekua zaidi ya sentimita 20 na ambaye huogelea mchana kutwa. Atakuwa na wasiwasi, na akiwa na wasiwasi nukta zitarudi kila atakapopata nafasi. Mtafutie mwenye lita 500 na kuendelea. Nafasi yake tia samaki wadogo wa mawe, wawili watatu, kila mmoja akipitia beseni lilelile kwanza.